Kujifunza kuwekeza kwenye hisa: isome kampuni kabla ya kuitazama bei

Mtu anayeanza kujifunza hisa mara nyingi huanzia kwenye bei. Huona hisa fulani imepanda, nyingine imeshuka, na kabla ya mwezi kwisha amekwisha kuamini kwamba kuwekeza ni kazi ya kukisia kitakachopanda kesho. Mwongozo huu unafuata mpangilio mwingine: fedha za mwekezaji mwenyewe ziwekwe sawa kwanza, kisha ajue hisa ni kitu gani, kisha asome taarifa za kampuni, na bei iwe jambo la mwisho kupimwa. Hahitaji kuwa mhasibu. Anachohitaji ni kujua kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya, pamoja na subira ya kusoma kurasa ambazo wengi huziruka.

Hatua ya kwanza: tenganisha fedha za hisa na fedha za kuishi

Kabla ya kununua hisa hata moja, lipa madeni yenye riba kubwa. Mwenye mkopo wa riba ya asilimia 18 kwa mwaka akiulipa, anaokoa asilimia 18 kwa uhakika kamili, na hakuna hisa duniani inayotoa ahadi ya namna hiyo. Baada ya madeni, weka akiba ya dharura inayotosha matumizi ya miezi mitatu hadi sita, mahali ambapo unaweza kuitoa siku yoyote bila hasara. Kinachobaki baada ya hapo, na ambacho huna kazi nacho kwa miaka mitano au zaidi, ndicho kinachofaa kwenda kwenye hisa. Ada ya shule ya mwakani haifai, na fedha za kukopa hazifai kabisa, kwa sababu mkopeshaji hatasubiri soko lipande ndipo adai chake.

Sababu ya ukali huu imo katika historia ya masoko yenyewe. Faharisi ya Dow Jones ya Marekani, yaani namba inayopima kwa pamoja bei za hisa za kundi la kampuni kubwa, ilifika 381.17 tarehe 3 Septemba 1929, ikaporomoka hadi 41.22 tarehe 8 Julai 1932, na haikukifikia tena kilele chake mpaka Novemba 1954. Faharisi ya Nikkei 225 ya Japani ilifunga mwaka 1989 ikiwa 38,915.87, na ilichukua mpaka Februari 2024 kuivuka namba hiyo. Ni kweli kwamba hesabu hizo haziweki ndani gawio, yaani sehemu ya faida ambayo kampuni huwagawia wanahisa, na ni kweli pia kwamba aliyeendelea kununua kidogo kidogo katika miaka ya bei ya chini hakusubiri muda mrefu kiasi hicho. Lakini aliyeweka fedha zake zote siku ya kilele, akazihitaji miaka mitatu baadaye, aliuza kwa hasara asiyoweza kuirudisha. Hasara nayo ina hesabu yake: hisa iliyoshuka kwa asilimia 50 inahitaji kupanda kwa asilimia 100 ili irudi ilikokuwa.

Hatua ya pili: jua unachokinunua

Hisa ni sehemu ya umiliki wa kampuni. Utaratibu wa kuuza sehemu hizo kwa umma na kuziuza tena sokoni ulipata sura yake Amsterdam, pale kampuni ya Uholanzi ya biashara ya Mashariki ya Mbali, VOC, ilipokusanya mtaji kutoka kwa wananchi mwaka 1602. Tangu wakati huo msingi haujabadilika sana. Mwenye hisa ana haki ya kupata sehemu ya faida inayogawiwa, ana kura kwenye mkutano mkuu wa mwaka kwa hisa za kawaida, na kampuni ikifilisika hadaiwi zaidi ya kile alicholipia hisa zake. Kwa upande mwingine, kampuni hiyo ikivunjwa na mali zake kuuzwa, yeye ndiye wa mwisho kwenye foleni: wafanyakazi, kodi, benki na wenye hati fungani hulipwa kwanza, na mara nyingi hakibaki kitu. Anayenunua hati fungani ameikopesha kampuni na anadai riba iliyokubaliwa. Anayenunua hisa ameingia katika biashara yenyewe, na hakuna aliyemwahidi chochote.

Faida ya mwanahisa huja kwa njia mbili tu, nazo ni gawio na kupanda kwa thamani ya hisa. Gawio si haki ya kila mwaka. Bodi hupendekeza, na kampuni yenye faida kubwa inaweza kuamua kubakiza fedha yote kwa ajili ya upanuzi.

Jambo linalowachanganya wengi ni hili: fedha unayolipa sokoni kwa kawaida haiendi kwenye kampuni. Kampuni hupokea mtaji pale inapotoa hisa mpya, kwenye soko la awali. Baada ya hapo hisa hubadilishana mikono kati ya wawekezaji kwenye soko la upili, na bei hupanda au kushuka kwa kadiri wanunuzi na wauzaji wanavyokubaliana. Ndiyo maana bei inaweza kushuka kwa asilimia 10 ndani ya wiki ambayo kiwandani hakuna kilichobadilika hata kidogo. Asiyelielewa jambo hili atauza kwa hofu kila soko linapotikisika.

Hatua ya tatu: soma ripoti ya mwaka, na usiianze mwanzoni

Kampuni iliyoorodheshwa kwenye soko la hisa inalazimika kutoa taarifa za fedha zilizokaguliwa, nazo hupatikana bila malipo kwenye tovuti ya kampuni au ya soko. Chukua ripoti za miaka mitano iliyopita za kampuni ambayo biashara yake unaielewa. Kurasa za kwanza zina picha nzuri na barua ya mwenyekiti. Ziruke kwa sasa, kwa kuwa zimeandikwa kukushawishi.

Anza na maoni ya mkaguzi wa hesabu. Unatafuta maneno yanayosema kwamba hesabu zinaonyesha hali halisi na ya haki ya kampuni, bila kasoro iliyotajwa. Mkaguzi akitoa hati yenye shaka, hati mbaya, au akisema ameshindwa kutoa maoni, mwekezaji mpya hana sababu ya kuendelea na kampuni hiyo. Soma pia kama ametaja mashaka makubwa juu ya uwezo wa kampuni kuendelea na biashara. Sentensi hiyo huwa moja, imeandikwa kwa lugha ya upole, na ina uzito kuliko kurasa zote za picha.

Kutoka hapo nenda kwenye taarifa ya mtiririko wa fedha, ambayo kwa maoni yangu ndiyo iliyo muhimu kuliko zote kwa anayejifunza. Faida iliyoandikwa na fedha iliyoingia ni vitu viwili tofauti. Kampuni ikiuza bidhaa kwa mkopo mwezi Desemba, mauzo hayo huandikwa kama mapato ya mwaka huo hata kama mteja hajalipa. Mteja asipolipa kamwe, faida iliyosherehekewa ilikuwa ya karatasi. Kwa hiyo weka namba mbili kando kwa kando kwa kila mwaka: faida halisi baada ya kodi, na fedha iliyotokana na shughuli za biashara. Katika kampuni yenye afya namba hizo husogea pamoja kwa muda mrefu, na mara nyingi ya pili huwa kubwa zaidi kwa sababu gharama ya uchakavu wa mitambo hupunguza faida bila kutoa fedha mwaka huo. Faida ikipanda mwaka baada ya mwaka huku fedha inayoingia ikipungua, uliza ni kwa nini, na usinunue kabla ya kupata jibu. Tahadhari moja: benki na kampuni za bima hazisomwi hivi, kwa kuwa fedha ndiyo bidhaa yao. Ni afadhali kuanza kujifunza kwa kampuni inayouza kitu cha kushikika.

Kisha fungua mizania, inayoonyesha mali, madeni na mtaji wa wanahisa katika siku moja ya mwaka. Linganisha mali za muda mfupi, yaani fedha taslimu, bidhaa ghalani na fedha inayodaiwa wateja, na madeni yanayotakiwa kulipwa ndani ya mwaka mmoja. Za kwanza zikiwa pungufu, angalia kampuni itapata wapi fedha ya kujazia pengo. Tazama madeni ya muda mrefu yanavyokwenda katika miaka mitano, na upime kama faida ya uendeshaji, yaani faida kabla ya kutoa riba na kodi, inatosha kulipa riba mara kadhaa. Tazama pia kama fedha inayodaiwa wateja inakua kwa kasi kuliko mauzo. Ishara hiyo hujitokeza mapema, kabla tatizo halijafika kwenye faida.

Maelezo ya chini ya hesabu yana maandishi madogo na kurasa nyingi, na huko ndiko mambo magumu hukaa: kesi zilizo mahakamani, dhamana ambazo kampuni imeziwekea wengine, na biashara kati ya kampuni na wakurugenzi wake au ndugu zao. Enron, kampuni ya nishati ya Marekani iliyoomba ulinzi wa kufilisika Desemba 2001, ilikuwa imeficha madeni katika kampuni tanzu zisizoonekana kwenye mizania, na maelezo yake juu ya shughuli hizo hayakueleweka hata kwa wasomaji wazoefu. Wafanyakazi wake wengi waliokuwa wameweka akiba ya uzeeni katika hisa za mwajiri wao walipoteza ajira na akiba kwa pamoja. Wirecard, kampuni ya malipo ya kielektroniki ya Ujerumani, ilianguka Juni 2020, baada ya kubainika kwamba euro bilioni 1.9 zilizodaiwa kuwamo katika akaunti za benki hazikuonekana popote, ingawa wakaguzi walikuwa wamezipitisha hesabu zake za miaka iliyotangulia. Hati safi, basi, ni sharti la kuanzia tu. Ukisoma maelezo mara mbili na bado huelewi kampuni inapataje fedha, iache, hata kama kila mtu anaisifu.

Barua ya mwenyekiti isome sasa, mwisho kabisa, ukiwa na barua za miaka iliyopita mkononi. Angalia alichoahidi miaka mitatu iliyopita na kilichotokea.

Hatua ya nne: sasa pima bei

Tuchukue kampuni ya mfano yenye hisa 10,000,000, kila moja ikiuzwa kwa 50 katika sarafu yoyote unayotumia. Soko linaithamini kampuni nzima kuwa 500,000,000. Kama faida halisi ya mwaka ni 40,000,000, faida kwa kila hisa ni 4, na uwiano wa bei kwa faida ni 50 gawanya kwa 4, yaani 12.5. Kwa maneno mengine, unalipia faida ya miaka kumi na miwili na nusu kwa kiwango cha leo. Kama gawio ni 2 kwa hisa, unapata asilimia 4 ya bei uliyolipa, na kampuni imegawa nusu ya faida yake.

Namba hizi hazina maana zikisimama peke yake. Linganisha 12.5 na uwiano wa kampuni hiyo hiyo katika miaka iliyopita, na wa kampuni nyingine za sekta hiyo. Uwiano mdogo unaweza kuwa bei nafuu, na unaweza kuwa dalili kwamba wenye kuijua biashara hiyo wanatarajia faida ipungue. Vivyo hivyo, gawio la asilimia 15 mara nyingi halitokani na ukarimu wa kampuni bali na bei iliyoporomoka, na huenda mwaka ujao likafutwa. Hisa ya bei ya 2 si rahisi kuliko hisa ya bei ya 200 mpaka ujue kila moja inabeba faida kiasi gani. Kosa la kununua hisa kwa sababu "ni ndogo ndogo" limewagharimu watu wengi. Kama ungealikwa kununua robo ya duka la jirani, ungeuliza duka linaingiza nini na linadaiwa nini kabla ya kusikia bei, na swali la hisa ni hilo hilo.

Hatua ya tano: amua kama utachagua mwenyewe au utanunua soko zima

Si kila mtu ana saa za kufanya kazi ya hatua ya tatu, wala hakuna aibu katika hilo. Kuna mifuko ya uwekezaji inayofuata faharisi, yaani inayonunua hisa za kampuni zote zilizo kwenye orodha fulani kwa uwiano wa ukubwa wake, bila meneja kujaribu kuchagua zitakazoshinda. Vanguard, kampuni ya mifuko ya uwekezaji iliyoanzishwa na John Bogle, ilifungua mfuko wa namna hiyo kwa wawekezaji wa kawaida wa Marekani mwaka 1976, ukapokewa kwa kejeli na wengi katika biashara hiyo. Leo mifuko ya aina hii hushikilia matrilioni ya dola. Kwa anayeanza, naiona kuwa njia bora ya kuingilia pale inapopatikana kwa gharama ndogo, na ujuzi wa kusoma kampuni uongezwe taratibu pembeni.

Gharama ndilo neno la kushikilia hapa. Fedha 100 zinazokua kwa asilimia 7 kwa mwaka hufika takriban 761 baada ya miaka 30. Ada ya kila mwaka ikichukua asilimia 2, ukuaji unabaki asilimia 5, na fedha zile zile hufika 432 tu. Kabla ya kujiunga na mfuko wowote, uliza ada ya uendeshaji, ada ya kuingia na ada ya kutoka, na upewe majibu kwa maandishi.

Ukiamua kuchagua kampuni mwenyewe, zitawanye. Ukigawa fedha sawasawa katika kampuni 10 na moja ikafilisika kabisa, umepoteza asilimia 10. Utawanyaji lakini uwe wa kweli: kampuni tano za ujenzi hushuka pamoja riba ya mikopo inapopanda. Na mwajiri wako awe wa mwisho kumfikiria, kwa sababu tayari mshahara wako unamtegemea.

Hatua ya sita: fungua akaunti na uweke oda

Mwananchi wa kawaida hanunui sokoni moja kwa moja. Hununua kupitia dalali wa hisa mwenye leseni. Thibitisha leseni hiyo kwenye orodha ya mamlaka inayosimamia masoko ya mitaji katika nchi husika, ukiitafuta orodha mwenyewe badala ya kufuata kiungo ulichotumiwa na anayekuuzia. Anayekuahidi faida maalumu kila mwezi, anayekuharakisha, au anayekutaka utume fedha kwenye akaunti ya mtu binafsi, hauzi hisa. Bernard Madoff, tapeli aliyewalipa wawekezaji wa zamani kwa fedha za wapya na kukamatwa New York Desemba 2008, aliwavutia watu wenye elimu na mali kwa miaka mingi kwa sababu faida aliyoionyesha ilikuwa tulivu mno. Soko la kweli halina utulivu wa namna hiyo. Ukishafungua akaunti, hakikisha hisa zako zinaandikwa kwa jina lako, au kwamba zimetenganishwa kisheria na mali za dalali, ili dalali akifilisika zisiingie katika madeni yake.

Jifunze aina mbili za oda. Oda ya bei ya soko inanunua mara moja kwa bei yoyote iliyopo. Oda ya bei ya kikomo inasema "nunua, lakini usizidi hapa". Tumia ya pili, hasa kwa hisa zisizouzwa mara kwa mara. Tuseme mnunuzi wa juu kabisa anatoa 48 na muuzaji wa chini kabisa anataka 52. Ukinunua kwa 52 na ukalazimika kuuza saa hiyo hiyo kwa 48, umepoteza karibu asilimia 8 kabla ya ada yoyote. Pengo hilo ni gharama, ingawa halitajwi kwenye risiti.

Uliza pia kiwango cha chini cha ada ya dalali. Ada ya 20 kwa ununuzi wa 400 ni asilimia 5, na kwa ununuzi wa 4,000 ni nusu ya asilimia moja. Kwa hiyo mwenye mtaji mdogo hufaidika kukusanya akiba ya miezi kadhaa na kununua mara chache. Baada ya oda kukubalika, hisa na fedha hukamilisha kubadilishana baadaye: Marekani siku moja ya kazi tangu tarehe 28 Mei 2024, na katika masoko mengine siku mbili au tatu.

Hatua ya saba: baada ya kununua

Siku ya kununua, andika kwenye daftari sababu ya kuichagua kampuni hiyo, bei uliyolipa pamoja na ada, na jambo ambalo likitokea litakufanya uuze. Kwa mfano: "Nitauza kama fedha inayotokana na biashara itapungua miaka miwili mfululizo huku madeni yakiongezeka." Sababu iliyoandikwa mapema husaidia wakati habari zinapotisha, kwa kuwa utakuwa unajibu swali ulilojiwekea ukiwa umetulia. Kushuka kwa bei peke yake hakutoshi kuwa sababu ya kuuza, na kupanda kwake hakutoshi kuwa sababu ya kuongeza. Kuitazama bei kila siku hakuongezi ujuzi wowote. Taarifa za robo mwaka au nusu mwaka na ripoti ya mwaka zinatosha.

Matangazo matatu ya kampuni yanahitaji kueleweka yanapokuja. Likitangazwa gawio, huwekwa tarehe ya kufunga daftari la wanahisa, na asiyekuwamo siku hiyo hapati. Bei nayo, hisa zikianza kuuzwa bila haki ya gawio hilo, kwa kawaida hushuka kwa kiasi kinachokaribia gawio, hivyo kukimbilia kununua siku moja kabla hakuleti faida ya bure. Hisa zikigawanywa, mathalani moja kuwa mbili, idadi yako huongezeka maradufu na bei hushuka kwa nusu, na utajiri wako unabaki ule ule. Kampuni ikiwapa wanahisa haki ya kununua hisa mpya kwa bei ya punguzo, una siku chache za kuamua, na ukikaa kimya sehemu yako ya umiliki inapungua. Pale ambapo haki hiyo inaweza kuuzwa, iuze kama huitaki.

Hifadhi kila hati ya ununuzi, ya mauzo na ya gawio, kwa sababu kodi ya faida na ya gawio huhesabiwa kutokana nazo. Andikisha mrithi kwenye akaunti pale utaratibu unaporuhusu, na mtu mmoja unayemwamini ajue jina la dalali, namba ya akaunti na mahali daftari lilipo. Hisa nyingi na magawio yake hubaki bila mwenyewe kwa miaka, kwa kuwa familia haikujua kwamba zilikuwapo. Anwani, simu au akaunti ya benki ikibadilika, mjulishe dalali na msajili wa hisa, yaani anayetunza daftari la wanahisa, kwa maandishi mwezi huo huo.